Kung'atuka Si Kuchakaa

Mhadhara wa wazi juu ya maneno tunayoyatumia mtu anapoacha kazi au madaraka



Nimeombwa nizungumzie neno moja la Kiswahili, nami nimechagua kung'atuka. Siwezi kulieleza peke yake, kwa sababu linaishi na jirani zake: kustaafu, kujiuzulu na kuchakaa. Yote manne hutumika pale mtu au kitu kinapofika ukomo wa cheo, wa kazi au wa matumizi, na ndiyo maana tumezoea kuyachanganya. Kocha aliyefukuzwa jana, gazeti la leo linaandika kuwa ameng'atuka. Mtumishi aliyelazimishwa kuondoka, barua yake inasema amestaafu. Mzee ambaye maungo yamemlegea, vijana wanasema amechakaa. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kimeyatenga maneno haya kwa uangalifu mkubwa, na kila tunapoyachanganya kuna mtu anayepunjwa haki yake au heshima yake.

Kuomba kutua mzigo

Tuanze na kustaafu, maana ndilo linalosikika kila siku. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuomba uachiliwe, kuomba udhuru wa kutoendelea na jukumu. Mzizi wake ndio uliotupa afu, yaani msamaha, na ndio uliotupa afya, yaani kusalimika na maradhi. Kwa Waarabu wa leo kitenzi hicho kinatumika zaidi kwa mtu anayejitoa kazini kabla ya wakati wake, nao wana neno jingine kwa mtu aliyemaliza muda wa utumishi. Sisi tulilichukua tukalipa kazi ya kwetu. Kwa Mswahili, anayestaafu ni mtu aliyetimiza muda wake na sasa anaomba kutua mzigo. Hana kosa, hana deni, na ruhusa anayoiomba ni haki yake.

Kujiuzulu pia kuna asili ya Kiarabu. Kumuuzulu mtu ni kumvua cheo. Waswahili wakakipachika kitenzi hicho kiambishi cha Kibantu, -ji-, tukapata mtu anayejivua mwenyewe kile ambacho wenye mamlaka wangeweza kumvua. Ndani ya neno hili mna lawama au mgogoro. Anayejiuzulu anaondoka kwa sababu kuna jambo limekwenda kombo. Mfano mzuri tunao katika historia yetu. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, alijiuzulu kufuatia vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Si yeye aliyewaua. Alikubali kwamba waliohusika walikuwa chini ya wizara yake, na kwamba wajibu unapanda ngazi hadi kwa mkubwa. Miaka 8 baadaye akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Neno lilitumika mahali pake, na aliyelitumia kwa ukweli hakupoteza utu wake.

Sasa pimeni maneno haya kwa neno dogo, hiari. Sheria za utumishi Tanzania zinasema mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha miaka 60. Sikio halikwaruzwi na "kustaafu kwa hiari", kwa sababu kustaafu ni tendo, lina mtendaji mwenye nia. Jaribuni kusema shati limechakaa kwa hiari. Lugha inagoma. Kuchakaa ni hali inayokijia kitu bila kitu chenyewe kuamua, na hapo ndipo mpaka ulipo baina ya mtu na chombo.

Mpaka huo tunaweza kuuvuka kwa hila. Katika utumishi wa umma kuna fungu la maneno linalojulikana sana: kustaafishwa kwa manufaa ya umma. Sikilizeni kiambishi cha -ish- na kile cha -w- kilichokifuata. Mtu hastaafu tena, anastaafishwa. Mamlaka inaweza kuwa na sababu nzito za kufanya hivyo, na sheria inaliruhusu jambo hilo. Hata hivyo, ni uamuzi wa mwingine juu yake, na haifai kuufunika kwa neno lililoundwa kwa ajili ya mtu anayeondoka kwa nia yake na kwa shukrani za waliomtuma kazi.

Neno kutoka Butiama

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alikabidhi urais kwa Mwinyi huyo huyo. Miezi na miaka iliyozunguka tukio lile, Watanzania walijifunza neno ambalo wengi wao hawakuwa wakilitumia: kung'atuka. Mwalimu alilitoa katika Kizanaki, lugha ya nyumbani kwao Butiama, mkoani Mara. Angeweza kusema kwamba anastaafu, na watu wote wangemwelewa. Alichagua neno la mila.

Katika jamii za Mara, Wazanaki wakiwamo, madaraka yalifuata marika. Rika moja lilishika ulinzi na uamuzi wa mambo ya jamii kwa kipindi chake. Muda wake ukitimia, lilikabidhi kwa rika lililofuata, kwa utaratibu unaojulikana na watu wote. Waliokabidhi hawakufukuzwa kijijini, wala hawakunyamazishwa. Walipanda daraja, wakawa wazee wa kuulizwa. Kung'atuka, basi, ni kuondoka katika kiti kwa sababu zamu imekwisha na mwenye zamu inayofuata yupo tayari. Neno zima limebeba wazo la zamu. Mtu hawezi kung'atuka katika jambo ambalo hakuna anayelipokea.

Asili ya neno ni huko Mara, lakini Mswahili wa pwani akilisikia analiwekea maana nyingine juu yake. Anasikia ng'ata, na anasikia kimalizio kile kinachofungua yaliyofungwa: ziba na zibuka, kunja na kunjuka, fuma na fumuka. Masikioni mwake kung'atuka ni meno kuachia kilichong'atwa. Hiyo si historia ya neno, ila inaeleza kwa nini lilipokelewa haraka. Watu walikwisha kuona viongozi wengi barani humu walioung'ata utawala hadi mauti au mapinduzi yalipowabandua. Kabla ya 1985, marais wa Afrika waliokuwa wamekabidhi madaraka kwa hiari walihesabika kwa vidole: Léopold Sédar Senghor wa Senegal mwishoni mwa 1980, Ahmadou Ahidjo wa Kameruni mwaka 1982, na wachache wengine.

Tusisahau upande wa sheria. Mwaka 1984 Katiba ya Jamhuri ya Muungano ilirekebishwa, na rais akawekewa ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Kwa hiyo tendo la mtu mmoja mwaka uliofuata lilitanguliwa na kanuni inayowafunga wote wanaokuja. Mwinyi akaondoka 1995, Benjamin Mkapa 2005, Jakaya Kikwete 2015. Kiswahili cha siasa kikapata hesabu yake: awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hesabu ya namna hiyo haiwezekani pale ambapo zamu haina mwisho.

Nakuja kwenye swali gumu, ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: je, Mwalimu aling'atuka kweli? Alibaki mwenyekiti wa Chama cha Mapinduzi hadi 1990. Mwaka 1995, wakati chama kikitafuta mgombea wa kumrithi Mwinyi, sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya mjumbe yeyote, na walikuwapo walionung'unika. Aliandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akiwakosoa waziwazi viongozi waliokuwa madarakani. Huyu ameachia nini?

Jibu langu ni kwamba kung'atuka hakupimwi kwa ukimya. Kunapimwa siku ambayo aliyeondoka anasema jambo, na walioko madarakani wanakataa. Mwalimu alikataliwa, tena katika mambo aliyoyathamini kuliko mengi. Akiwa rais alikuwa amepinga masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1986 serikali iliyomfuata ikatia saini makubaliano na shirika hilo. Azimio la Arusha la 1967 liliwazuia viongozi kumiliki hisa na kupangisha nyumba. Mwaka 1991 uamuzi wa chama uliokuja kuitwa Azimio la Zanzibar ukalegeza miiko hiyo. Alisikitika, akasema hadharani kwamba amesikitika. Maamuzi yale yakabaki kama yalivyo. Hakurudi Ikulu kuyafuta, hakuita jeshi, hakuunda serikali ya pembeni. Alikuwa na neno, hakuwa na amri. Kwa mila ya marika huyo ndiye mzee: anasema, na wenye zamu wanaamua.

Na hakukaa bure. Alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Kusini, iliyotoa taarifa yake mwaka 1990 juu ya nchi maskini na uchumi wa dunia. Alizigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili. Tangu 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na kazi hiyo ilikuwa bado mikononi mwake alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela, ambaye naye alikuwa ametoka kukabidhi urais mwaka huo huo, akaipokea. Kiti kiliachwa, mtu alibaki na kazi yake.

Mstaafu ni nani?

Kutoka katika kitenzi kustaafu tumepata nomino, mstaafu, na nomino hiyo imekuwa cheo cha heshima. Tunasema Rais mstaafu, Jaji mstaafu, Jenerali mstaafu, Askofu mstaafu. Cheo hiki kina hukumu ndani yake. Linganisheni "Rais mstaafu", "Rais wa zamani" na "aliyekuwa Rais". La kwanza linasema aliondoka kwa utaratibu. La pili linasema tu kwamba siku hizo zimepita. La tatu linatumika hata kwa aliyekufa au aliyepinduliwa. Sijapata kusoma popote pameandikwa "Rais mstaafu Idi Amin". Alikimbia mwaka 1979, na Kiswahili kikamnyima cheo hicho bila kikao chochote cha wataalamu wa lugha. Kenya ilikaa karibu miaka 40 ya uhuru bila kuwa na mtu wa kumwita Rais mstaafu, kwa kuwa Jomo Kenyatta alifariki akiwa madarakani mwaka 1978. Daniel arap Moi alipokabidhi Desemba 2002, ndipo Wakenya wakapata wa kwanza. Na mwezi Februari 2013, Papa Benedikto XVI alipoacha kiti chake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa karne nyingi, Waswahili hawakutafuta neno. Walikuwa nalo: aling'atuka, akawa Papa mstaafu.

Lakini cheo hiki kina mipaka, na mipaka hiyo inatufundisha jambo. Hatusemi mvuvi mstaafu wa Kilwa. Hatusemi mkulima mstaafu, mama lishe mstaafu, seremala mstaafu wa mtaani. Mstaafu ni mtu aliyekuwa na mwajiri, barua ya ajira na makato ya kila mwezi. Watu walio wengi katika nchi zetu hawakuwa na hayo. Mvuvi anaacha kwenda baharini siku mikono inaposhindwa kuvuta nyavu, na siku hiyo hakuna hafla, hakuna cheti, hakuna kiinua mgongo. Amefanya kazi miaka 50, na lugha haina namna ya kusema kwamba amestahili kupumzika.

Ndiyo maana napenda sana kilichofanywa Zanzibar. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi inalipa pensheni jamii kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo, kupitia mpango wa Inua Jamii, inawapa wazee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizi ni ndogo, hazimtoshi mtu. Thamani yake nyingine ni kwamba zinamwambia mkulima wa Pemba na mchungaji wa Turkana kwamba naye alikuwa kazini muda wote ule, na kwamba jamii imeona.

Neno kiinua mgongo lenyewe ni ushahidi wa jinsi wahenga wa ofisini walivyofikiri. Mgongo uliinamia kazi; fedha hii inaunyanyua. Kwa hiyo mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, uliowasumbua watumishi wa Tanzania tangu 2018 haukuwa wa wahasibu peke yao. Kanuni za mwaka ule zilipunguza sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo, zikasitishwa Desemba mwaka ule ule baada ya malalamiko, kiwango kikawekwa asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza asilimia 40 kwa kundi lililokuwa limepunguziwa zaidi. Kila asilimia iliyobishaniwa ilikuwa ni kimo cha mgongo utakaoinuka.

Kuchakaa na ukongwe

Nimesema kuchakaa ni kwa vyombo. Hata kwa vyombo, Kiswahili hakikimbilii kusema kimechakaa. Nguo iliyofifia ni kuukuu, lakini bado inavaliwa shambani. Kilichochakaa ni kile ambacho matumizi yamekila. Kisha lipo neno kongwe, ambalo linatambua umri bila kukiondoa kitu katika kazi.

Chukueni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa vizazi kadhaa imebeba abiria, dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, na imekwisha kubeba wakimbizi pia. Watu wa ukanda ule huiita meli kongwe. Inapoharibika wanadai ukarabati, hawadai ikauzwe kama chuma chakavu. Ikiwa chuma kinastahili kutofautishwa hivyo, itakuwaje binadamu tumnyime?

Katika habari za sanaa, neno mkongwe limepanda hadhi. Mzee kikongwe bado ni mtu dhaifu wa kusaidiwa, ila mwanamuziki mkongwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa kudumu kwake. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliimba taarab na kupiga ngoma hadi uzeeni kabisa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza, na alifariki Aprili 2013. Alikuwa pia somo wa unyago, na wasichana aliowafunda walibeba elimu ambayo haikuwa imeandikwa mahali popote. Hapo ndipo wahenga waliposema jungu kuu halikosi ukoko. Mkongwe ana kitu chini ambacho kijana atakikosa asipokikwangua mapema.

Lipo pia neno kupumzika, nalo naomba tuliangalie kwa makini. Tunamwambia mstaafu: nenda kapumzike. Tunamwombea marehemu: apumzike kwa amani. Neno moja kwa wawili hawa ni hatari, kwa sababu linatuzoesha kumweka mstaafu karibu na kaburi kuliko alivyo. Mtu wa miaka 60 anaweza kuwa na miaka 20 mbele yake. Mapumziko anayostahili ni ya mzigo wa amri na saa za kazi. Akili yake na mikono yake hazikuombewa kupumzika.

Tufanye nini?

Ndugu zangu, naomba tutoke hapa na mambo matatu.

Kwanza, tuseme kweli kwa maneno yaliyopo. Aliyefukuzwa, amefukuzwa. Aliyewajibika kwa kosa, amejiuzulu. Aliyetimiza muda, amestaafu. Aliyeachia madaraka kwa hiari na kumpisha mwenzake, huyo ndiye aliyeng'atuka. Waandishi wa habari mliomo humu, neno hili msiligawe ovyo. Mkimpa kila anayeondoka, siku atakapotokea anayelistahili hatutakuwa na la kumpa.

Pili, wenye madaraka wajiandae kung'atuka tangu siku ya kwanza. Namaanisha marais, na pia mwenyekiti wa kijiji, mkuu wa shule, imamu, mchungaji, mwenyekiti wa SACCOS na profesa anayeongoza idara. Kwa kuwa neno lina zamu ndani yake, ambaye hajaandaa wa kumpokea hajaanza kung'atuka, hata kama tarehe yake ya kuondoka imeandikwa.

Tatu, makabidhiano ya ofisi yawe ya maarifa pia. Leo tunakabidhiana funguo, mafaili na gari, tunatia saini, basi. Muuguzi mkuu anaondoka na miaka 35 ya kujua dalili ambazo hazimo kitabuni. Fundi wa reli anaondoka na ujuzi wa kila kona ya njia. Taasisi zitenge miezi ya mwisho ya utumishi kwa ajili ya mtu kufundisha walio chini yake, na baada ya hapo ziwaite wastaafu wao mara kwa mara, ziwalipe kwa ushauri wao, na ziwe huru kuukataa ushauri huo. Mafao nayo yalipwe kwa wakati, maana ushauri hauombwi kwa mtu uliyemwacha akizungushwa maofisini.

Mkifanya haya, maneno manne niliyoyaleta yatabaki na kazi zake, kila moja na yake. Na neno kuchakaa tutaliacha kwa nguo na mabati, ambako ndiko kwao.